Dawa za kufupisha mimea kwenye karanga, soya na alizeti: ukiona hivi shambani Lubumbashi, tafuta hiki

Mvua ikishakolea, kuanzia Januari, malalamiko kutoka mashamba ya upande wa Kasapa, Kipushi na barabara ya Kasenga ni yale yale. "Kalanga iko fupi sana, ni dawa?" "Nilipiga dawa, soya ikalala tu." "Kalanga ilizaa, lakini maganda iko bule." Chupa nyingi zinaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na muuzaji sokoni anazieleza kwa maneno mawili: inaongeza mavuno. Haiongezi mavuno kwa namna hiyo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama shambani na anataka kujua lipi limefanywa na dawa na lipi limefanywa na kitu kingine kabisa, kwa sababu mara nyingi dawa inasingiziwa, na mara nyingine inasifiwa bure.

Kwanza tuelewane dawa yenyewe inafanya nini. Mmea unarefuka kwa nguvu ya homoni inayoitwa jibereleni. Dawa za kufupisha zinaikatiza homoni hiyo njiani inapotengenezwa. Klorimekwati na mepikwati zinaikata mwanzoni. Kundi la triazoli, yaani paklobutrazoli na unikonazoli, linaikata katikati. Proheksadioni-kalsiamu inaikata mwishoni, na daminozidi vilevile, dawa iliyokuwa ikitumika kwenye karanga Marekani mpaka mtengenezaji alipoiondoa kwenye mazao ya chakula mwaka 1989 kwa hofu ya saratani. Ukikuta mtu anakuuzia daminozidi kwa ajili ya karanga, acha.

Matokeo yanafanana: seli za shina hazirefuki, pingili zinakuwa fupi, jani linakuwa dogo, nene na la kijani kilichokolea. Watu wanaona kijani hicho wanadhani mmea umeshiba. Dawa hailishi mmea. Inachoweza kufanya ni kuuzuia usilale, na chakula ambacho kingeishia kwenye shina kikapata nafasi ya kwenda kwenye maua na maganda. Ndiyo maana Ulaya wanaitumia kwenye rapa, zao refu la mafuta linalovunwa kwa mashine, na Marekani wanapiga proheksadioni kwenye karanga zinazotambaa ili dereva wa mashine ya kung'olea aione mistari. Karanga nyingi za kwetu ni za kusimama, kama JL 24, fupi zenyewe, na zinavunwa kwa jembe na mikono. Kwa karanga za namna hiyo sioni sababu ya kununua chupa. Dawa ina maana pale mmea ungerefuka kupita kiasi: soya kwenye udongo uliojaa samadi, alizeti ndefu mahali pa upepo, karanga za kutambaa zilizofunga mistari mapema.

Mimea imebaki mifupi, majani ni kijani cheusi

Usianze kwa kuutazama mmea mmoja. Panda juu ya kichuguu, na Lubumbashi vichuguu havikosekani, uangalie shamba zima lina picha gani.

Ukiona ufupi umepangika kwa mistari, unafuata njia aliyopita mwenye pampu, na umezidi mwishoni mwa mistari pale alipogeukia, hiyo ni dawa. Ukiona umezidi pale pampu ya kwanza au ya mwisho ilipomwagwa, dawa ilituama chini ya pampu kwa kuwa haikukorogwa. Paklobutrazoli ya maji mazito inatuama haraka. Ukiona mimea mifupi imetawanyika, mmoja hapa, mitatu pale, katikati ya mizima, shuku ugonjwa. Ukiona kiraka kimoja ambacho hata magugu yake yamedumaa, na mwaka jana kilikuwa hivyo hivyo, shuku udongo.

Kisha ng'oa mmea mmoja mzima na mizizi yake, uulaze juu ya gunia, uhesabu pingili kutoka chini. Mmea uliodumazwa na dawa unakuwa na pingili za chini za urefu wa kawaida, zile zilizokua kabla ya kupigwa. Halafu ghafla zinafuata pingili zilizobanana, karibu jani juu ya jani. Dawa ikiisha nguvu, zile za juu kabisa zinaanza kurefuka tena. Kumbukumbu ya siku ya kupiga iko pale kwenye shina, na haifutiki.

Ugonjwa unaofanana sana na hali hii ni rozeti ya karanga, ambao umejulikana Afrika tangu 1907, ulipoandikwa mara ya kwanza Tanganyika. Una sura mbili: ya manjano yenye mabaka, ambayo haikupotezi, na ya kijani, ambayo inampoteza hata mtu mzoefu, kwa sababu mmea unakuwa kichaka kifupi cha kijani kizito, sawasawa na mmea uliozidishiwa paklobutrazoli. Geuza majani machanga ya juu. Ukikuta vidukari vyeusi vidogo, na sisimizi wanaopanda na kushuka shina, umepata jibu, ingawa wakati mwingine vidukari vimeshahama na vimeacha virusi nyuma. Majani ya rozeti huwa yamejikunja na yametofautiana ukubwa; ya dawa ni madogo lakini yamenyooka. Mmea ulioshikwa mapema hauzai kitu. Hakuna dawa ya kuuponya. Kinga ni kupanda mara mvua zinaposhika na kutoacha nafasi kubwa kati ya mimea, kwa sababu vidukari vinapenda kutua kwenye shamba lenye ardhi wazi.

Sababu ya tatu ni ya kwetu hasa. Kwenye viwanja vilivyopokea kwa miaka mingi vumbi na moshi wa kuyeyushia shaba, na kwenye mabonde yaliyopitiwa na maji ya migodi, udongo una shaba na kobalti nyingi kuliko mmea unavyoweza kuvumilia. Hapo ufupi unaanzia pingili ya kwanza. Osha mizizi kwenye beseni: utaikuta mifupi, minene, ya kahawia, haina nywele nyembamba za pembeni, na vifundo vya mizizi ni vichache au hakuna. Majani machanga yanageuka manjano kati ya mishipa kwa sababu shaba inauzuia mmea kupata chuma. Pembeni ya viraka vya namna hiyo unaweza kuona ua la shaba, Haumaniastrum katangense, likistawi peke yake. Kupiga dawa ya kufupisha hapo ni kumtesa mgonjwa. Chokaa na samadi nyingi vinapunguza makali ya shaba, lakini shamba la chakula ni afadhali kulihamisha.

Kama picha imekuonyesha kwamba ni dawa iliyozidi, basi karibu kila mara kosa liko kwenye hesabu. Chupa inasema kipimo cha hektari, mkulima anapima kwa kifuniko kwenye pampu. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si kipimo cha kufuata: chupa inasema mililita 200 kwa hektari katika lita 300 za maji. Pampu ya lita 15 inaingia mara 20 katika lita 300, kwa hiyo kila pampu inapokea mililita 10. Shamba la mita 50 kwa 20 ni ari 10, sehemu ya kumi ya hektari: linahitaji mililita 20 zote kwa jumla, pampu mbili, basi. Mtu aliyetia kifuniko kilichojaa katika kila pampu bila kukipima anaweza kuwa amepiga mara mbili au tatu ya kipimo. Nunua sindano ya famasia, pima kifuniko chako kwa maji, uandike kwa kalamu ya rangi juu ya chupa.

Kuna uzidishaji mwingine uliojificha. Dawa za ukungu za tebukonazoli na metkonazoli nazo ni triazoli, na zinafupisha. Mkulima anapiga tebukonazoli kwa sababu ya madoa ya majani au kutu ya soya, wiki inayofuata anapiga paklobutrazoli, na mmea unapokea mbili za ukoo mmoja. Soma jina la kiini, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, usisome jina la biashara.

Mmea ukishazidishiwa, kuumwagia urea hakusaidii. Kwenye karanga na soya kunaongeza majani tu. Palilia, usiuache upate kiu, usipige kingine chochote. Klorimekwati na proheksadioni huisha nguvu zenyewe ndani ya wiki chache. Paklobutrazoli haina haraka hiyo.

Nimepiga, hakuna kilichobadilika

Ulichelewa. Hilo ndilo la kuliangalia kwanza. Dawa hairudishi chini shina lililokwisha kurefuka. Kwenye karanga za kutambaa, Wamarekani hupiga proheksadioni pale nusu ya matawi ya mistari jirani yanapogusana, wakarudia baada ya wiki 2 hadi 3. Kwenye soya inayoacha kurefuka inapotoa maua, kupiga kipindi cha kutunga maganda ni kutupa pesa, na kama jua limekaza unaweza hata kupoteza maua.

La pili ni njia dawa inamopita. Paklobutrazoli inaingia kupitia shina na mizizi, ikapanda na maji kwenda juu. Haishuki kutoka kwenye jani. Ukiinyunyizia juu ya soya iliyokwisha funga, nyingi inabaki kwenye majani mapana na shina halipati kitu. Klorimekwati inaingia vizuri kupitia jani, lakini inahitaji saa kadhaa kabla ya mvua, na mvua ya Januari Lubumbashi hupenda kuja mchana. Kwa hiyo piga asubuhi, umande ukishakauka.

La tatu ni maji. Proheksadioni inafungwa na kalsiamu iliyo kwenye maji magumu. Kama maji ya kisima chako hayatoi povu la sabuni kirahisi, tumia maji ya mvua, au tia salfeti ya amonia kwanza kama lebo inavyoelekeza, kisha dawa. Na kama chupa ilikaa juani kwenye meza ya muuzaji, au imefunguliwa na kujazwa upya, hakuna uchunguzi utakaokusaidia zaidi ya kununua kwingine.

Maganda ni mengi, ndani hamna kitu

Hapa ndipo watu wanapogombana zaidi na dawa, na dawa ina hatia ndogo. Karanga inatoa ua juu, ua linashusha kijiti chembamba kinachoitwa sindano, sindano inaingia udongoni na kufanya ganda. Kalsiamu inasafiri na maji ndani ya mmea, na maji yanavutwa kwenda mahali panapopigwa na jua, yaani kwenye majani. Ganda liko gizani chini ya udongo, halivuti maji, kwa hiyo mizizi haiwezi kulipelekea kalsiamu ya kutosha. Ganda lenyewe linainyonya moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, sentimita chache za juu. Udongo mwekundu wa kwetu ni mchachu na umefuliwa na mvua. Kalsiamu ni haba. Matokeo ni ganda zuri, kubwa, lisilo na punje.

Dawa inaingia hivi: ikifanya kazi, inaweza kuongeza idadi ya maua na sindano. Maganda mengi zaidi yanagombania kalsiamu ile ile. Mkulima anang'oa mmea, anafurahi kuona wingi, anavunja, anakuta upepo. Vunja maganda kutoka mimea iliyopigwa na isiyopigwa. Kama yote yana utupu, tatizo ni udongo. Pasua pia punje zilizojaa: kichipukizi kidogo kilichomo kati ya nusu mbili kikiwa cheusi, ni upungufu wa kalsiamu. Kikiwa kizima lakini tumbo la punje lina shimo la kahawia, ni upungufu wa boroni.

Tiba ya hapo ni chokaa iliyosagwa, itiwe kabla ya kupanda na ichanganywe na udongo wa juu, ambako maganda yatakuwa. Mawe ya chokaa tunayo, Kakontwe karibu na Likasi ni mwamba mzima wa chokaa. Jasi ni bora zaidi ukiipata, inawekwa wakati wa maua. Asiye na uwezo wa kununua atazame kichuguu: udongo wake una kalsiamu nyingi na si mchachu kama wa pembeni, na wazee waliokuwa wakiubomoa na kuutawanya shambani walijua walichokuwa wakifanya.

Kinu kimetoa mafuta machache, au mafuta yanachacha haraka

Karanga nzuri ina mafuta asilimia 45 hadi 50, soya 18 hadi 20. Asilimia hiyo inaamuliwa na aina ya mbegu, joto la wakati wa kujaza punje, na ukomavu. Dawa ya kufupisha inaigusa kidogo tu, na si upande mmoja siku zote. Protini ikipanda, mafuta kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba chupa itakuongezea mafuta kwenye punje, muulize ni kwenye zao gani na mbegu gani.

Ila kuna njia moja ambayo dawa inaharibu mafuta kweli, nayo ni ukomavu. Mmea uliopigwa unabaki kijani wakati wenzake wamepauka. Anayevuna kwa kuangalia majani anapotea pande zote mbili: akishindwa kusubiri anavuna punje changa, akisubiri mno maganda yaliyokomaa yanachipua udongoni, maana karanga kama JL 24 hazina usingizi wa mbegu. Punje changa ina maji mengi, mafuta machache, asidi huru nyingi, na uwiano wa mafuta ya oleiki (yasiyochacha upesi) dhidi ya linoleiki (yanayochacha upesi) uko chini. Mafuta yake yanachacha upesi hata yakikamuliwa vizuri, na mashudu yanabaki na unyevu.

Acha majani, fungua maganda. Ng'oa mimea kutoka sehemu mbalimbali, vunja maganda yote, tazama ukuta wa ndani wa ganda. Mweupe kama pamba ni mchanga. Wenye mabaka ya kahawia au meusi umekomaa. Robo tatu ya maganda yakiwa na mabaka, vuna, majani yawe ya rangi yoyote. Halafu kausha upesi: punje zishuke chini ya asilimia 8 ya unyevu kabla ya gunia. Mazao yaliyochelewa mpaka Aprili yanakutana na ukame wa mwisho wa msimu, na karanga yenye kiu udongoni ndiyo inayoshikwa na kuvu ya sumukuvu. Sumu hiyo kwa sehemu kubwa inabaki kwenye mashudu, na mashudu ndiyo tunayolisha kuku na ndiyo mengine yanayorudi sokoni.

Kabla ya kulaumu kinu au dawa, pima. Chukua kilo 1 ya maganda makavu, bambua, pima punje. Gramu 650 hadi 750 ni karanga iliyojaa. Chini ya hapo, upungufu wa mafuta ulianzia shambani. Na kama ulipiga dawa, ulitakiwa kuacha mistari michache bila kupiga katikati ya shamba. Bila mistari hiyo huna cha kulinganisha, na mtu yeyote anaweza kukuambia chochote kuhusu chupa yake.

Alizeti na soya, kwa ufupi

Alizeti ikipigwa kichwa kikiwa kimeshaonekana, shina halifupiki tena na kichwa kinaweza kudumaa. Kama vichwa ni vizima lakini vina mbegu tupu katikati, tafuta ukosefu wa nyuki na boroni kabla ya dawa. Soya inayolala kila mwaka kwa kawaida imepandwa kwa kubanana mno. Punguza mbegu kwanza, hilo halina gharama. Pasua pia vifundo vya mizizi: ndani vikiwa vyekundu-waridi vinafanya kazi, vikiwa vya kijani au vyeupe, soya ina njaa ya naitrojeni na ufupi wake hauhusiani na pampu.

Zao lililofuata limedumaa

Ulivuna karanga, ukapanda lengalenga (mchicha) au maharage mahali pale, na sasa miche imekaa kama imekatazwa kukua. Kama msimu uliopita ilipigwa paklobutrazoli, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Inakaa udongoni kwa miezi, na kwenye udongo wa bustani za miti imepatikana hata baada ya mwaka na zaidi. Inashikwa zaidi pale ilipomwagwa kwa wingi: ulipooshea pampu, ulipochanganyia, kwenye kona za kugeukia. Proheksadioni na klorimekwati hazina tabia hiyo.

Majani na mabua ya karanga zilizopigwa usiwape mbuzi, hata kama ni mengi na mazuri. Na usichanganyie dawa kando ya tuta la mboga za nyumbani.

Ili kujua kama shamba limesafika, jaza makopo mawili, moja udongo wa pale unapopashuku na moja udongo wa mahali ambapo dawa haijawahi kufika lakini wa aina ile ile. Panda maharage matano kila kopo, weka mahali pamoja penye jua, mwagilia sawa. Wiki ya tatu pima kwa rula urefu kati ya majani ya kwanza yaliyofunguka na yale yanayofuata. Kama kopo la shamba limebanana na majani yamekolea kijani, usipande hapo zao la majani msimu huu. Tia samadi, panda mahindi kwa nafasi, na urudie makopo kabla ya mvua zinazofuata.